Anti wa Jikoni Anajibu: Puri Zangu Hazivimbi, Nakosea Wapi?

Toleo lililopita niligusia puri mstari mmoja tu, nikasema ni ule mkate wa Kihindi wa duara unaokaangwa kwenye mafuta mengi mpaka unavimba kama mpira. Basi. Maswali yaliyoingia baada ya hapo sijawahi kuyapata hata kwenye biriani, kwahiyo leo ukurasa wote ni wa puri na ndugu zake, na nimeyapanga kama yalivyokuja.

Anti shikamoo. Nimejaribu puri mara tatu na zote zimetoka bapa, ngumu pembeni na zimelowa mafuta. Unga nakanda laini kabisa kwa maji ya moto na siagi kama chapati, mara ya tatu nikaongeza na beking pauda lakini wapi. Mafuta nayo yanakuwa na unga mweusi chini. Nakosea wapi? – Mama wa Wawili, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa unga na mafuta maana vyote saivi bei yake tunaijua. Umeeleza vizuri sana na hapo hapo kwenye maelezo yako jibu lipo, umepika puri kwa mkono wa chapati. Chapati zetu tunazitaka laini zichambuke, ndo maana tunakanda na mafuta mengi, maji ya moto, donge linakuwa laini mpaka linanata, alafu tunasukuma huku tunanyunyiza unga kibaoni. Puri inataka kinyume chake karibu kila hatua.

Elewa kwanza kinachoivimbisha. Kwenye puri hakuna hamira wala beking pauda, kuna maji tu yale uliyokandia. Ikitumbukia kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, ngozi ya juu na ya chini zinakaza ndani ya sekunde chache, alafu maji yaliyobaki katikati yanageuka mvuke, na maji yakiwa mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo mwanzo, sasa yataenda wapi? Yanazisukuma zile ngozi mbili ziachane na puri inajaa. Hata jina lenyewe asili yake ni Kisanskriti, linatokana na neno la kujaa. Kwahiyo shughuli yote ya puri, kuanzia kukanda mpaka kukaanga, ni kuhakikisha huo mvuke unapatikana kwa haraka na haupati pa kutokea.

Vipimo vyangu ni hivi, vikombe 2 vya unga wa atta (ule wa ngano usiokobolewa uliosagwa laini, madukani siku hizi unapatikana, ukiukosa changanya nusu kwa nusu unga wa chapati na unga wa ngano nzima), vijiko vikubwa 2 vya suji (ngano iliyosagwa chengachenga), nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu kingine cha sukari kwa ajili ya rangi, na kijiko kikubwa 1 tu cha mafuta. Suji inasaidia puri ibaki imesimama kidogo isinywee palepale ukiitoa, ila kama huna usisimamishe mapishi, acha. Maji ni ya kawaida sio ya moto. Anza na nusu kikombe alafu ongeza kwa kijiko, kijiko, unataka donge gumu, gumu kuliko la chapati kwa mbali, ukilibonyeza na kidole gumba alama inabaki lakini kidole kinatoka kikavu. Mkono utachoka na ndo inavotakiwa. Funika na kitambaa kibichi dakika 15 mpaka 20, usiliache masaa, likilala sana linalainika na donge laini ndo linalokunywa mafuta.

Kata madonge kama 16, ukubwa wa ndimu ndogo. Hapa sasa ndo palipokuharibia mafuta yako, usinyunyize unga kabisa. Ule unga wa kusukumia unabanduka kwenye mafuta, unazama chini unaungua, na puri zote zinazofuata zinatoka na vidoa na harufu ya kuungua. Chovya ncha ya donge kwenye mafuta kidogo, au paka mafuta kibaoni, inatosha. Sukuma upana wa sentimita 10 mpaka 12, unene kama milimita 2 hivi.

Mimi hii nilifundishwa na mama mmoja wa Kigujarati, jirani yetu tulipokuwa tunakaa Kisutu, na kitu kilichonishangaza ni kwamba alikuwa hainyanyui puri kuigeuza kibaoni, kile kifimbo chenyewe anakisukuma kwa kukilemeza upande mmoja na puri inazunguka yenyewe chini ya mkono wake, pole pole, mpaka inakuwa duara. Ya kwanza niliyosukuma mimi aliichukua akapitisha kidole ukingoni, akasimama pale pembeni nilipokandamiza sana, akaniambia "hii haijai", akaikunja akanirudishia donge. Niliona ni ukali tu. Kumbe alikuwa anajua, penye wembamba kupita kiasi panakauka na kutoboka mvuke ukatoka, na penye unene panachelewa kuiva, kwahiyo puri inavimba upande mmoja alafu inalala. Usawa wa unene ndo kila kitu, duara isikusumbue, hata ikiwa na umbo la yai inavimba vizuri tu. Na angalia isiwe na mkunjo wala ufa.

Ukishasukuma usizipange moja juu ya nyingine zitagandana, zitandaze kwenye sinia na ufunike na kitambaa zisikauke ngozi, maana iliyokauka nayo haivimbi.

Beking pauda nakuomba uitoe kabisa. Inatengeneza vitundu vidogo vidogo unga mzima kama andazi, mvuke unagawanyika humo badala ya kujaa sehemu moja, na vile vitundu vinajaa mafuta. Kuna mkate mwingine wa Kihindi unaoitaka, nitautaja chini.

Mafuta ndo yananitisha. Natumia jiko la mkaa na sina kipima joto. Nitajuaje yamefika na je lazima yawe mengi hivo? – Msomaji, Dodoma

Mengi sio maana yake lita tatu. Tumia karai dogo lenye kina, kimo cha mafuta kama sentimita 5 kinatosha kwa sababu unakaanga puri moja moja, na mafuta yasizidi nusu ya karai. Karai bapa pana ndo linakula mafuta bure.

Wenye kipima joto wanatafuta nyuzi 180 mpaka 190. Wewe chukua kipande cha donge kidogo kama punje ya harage ukitie. Kikikaa chini kinatafakari, bado. Kikipanda juu ndani ya sekunde mbili tatu huku kinatoa mapovu na hakijabadilika rangi kwanza, sawa, anza. Kikiwa cha kahawia palepale au mafuta yanatoa moshi, yamezidi, epua karai kidogo.

Alafu telezesha puri kutokea ukingoni mwa karai, usiirushe. Itazama, itapanda, na ikishapanda tu igandamize taratibu sana na mgongo wa kijiko cha matundu, kama unampapasa mtoto mgongoni, huku unaimwagia mafuta kwa juu. Utaona kiputo cha hewa kinatokea sehemu moja alafu kinatambaa haraka mpaka puri nzima inajaa, mi mpaka leo nikiona hicho kitu nafurahi. Geuza mara moja, sekunde chache, toa, iegemeze ukingoni ichuruzike. Yote haifiki dakika. Ukiiacha muda mrefu inakuwa ngumu kama papadi.

Tatizo la mkaa ni kwamba moto hauna swichi, na kila puri unayotia inapoza mafuta, kwahiyo usikimbizane, ipe sekunde kumi kabla ya inayofuata, na ukiona puri ya tatu au ya nne imelala basi sio donge, ni mafuta yamepoa. Pepea.

Na hili nalisema kwa uzito wote, mafuta yakishika moto USIMWAGE MAJI. Funika karai na mfuniko au sinia ya bati lisiloungua, acha moto ufe wenyewe kwa kukosa hewa, na usijaribu kulibeba karai kulitoa nje. Watoto wasiwe karibu na jiko siku ya puri, wape kazi ya kukata madonge mezani.

Mafuta yaliyobaki yakipoa yachuje kwa kitambaa uyaweke mbali na jua, yatumie mara moja mbili kwenye mboga. Yakishakuwa meusi, mazito, au yanatoa moshi mapema, hayo yamekwisha.

Nimealikwa harusi mbili za Wahindi hapa Mombasa na zote kulikuwa na puri, sio chapati, wakati najua nyumbani wanakula chapati kila siku. Kuna sababu? – Msomaji, Mombasa

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Sababu zipo na ya kwanza ni ya zamani sana. Kaskazini mwa India kwa desturi za Kihindu chakula kiligawanywa mafungu mawili, kuna kile kilichopikwa kwa maji kinachoitwa kachcha, kama wali, dengu za kuchemsha na chapati za kawaida, na kuna kile kilichokaangwa kwa samli kinachoitwa pakka. Kachcha ilikuwa ya jikoni kwako na watu wako, watu wa tabaka moja hawakukubali kirahisi kachcha iliyopikwa na mkono wa tabaka waliloliona la chini. Pakka masharti yake yalikuwa mepesi, ilihesabika kwamba samli inakilinda chakula, kwahiyo watu wa matabaka mbalimbali waliweza kukipokea. Sasa harusi inakusanya kila mtu, na safari inakukutanisha na kila mtu, chakula cha kuwekwa pale lazima kiwe pakka, na mkate wa pakka ni puri. Huo mgawanyo wa watu ulikuwa na maumivu mengi na sitaki kuupamba, lakini ndo umeiweka puri kwenye sherehe na imebaki hapo hata kwa watu ambao hayo mambo hawayafati tena.

Sababu ya pili ni ya mpishi na yeyote aliyepikia umati ataielewa. Chapati inakaa kwenye chuma moja moja, unaigeuza, unaisubiri. Ila weka karai kubwa la harusi, watu wanne wanasukuma na mmoja anakaanga, puri zinatoka tano sita kwa mpigo na wageni mia wanakula za moto.

Na sio harusi tu. Siku ya nane ya Navratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa, inaitwa Ashtami, familia nyingi za kaskazini zinaita wasichana wadogo wa mtaani, wanaoshwa miguu, wanakalishwa na kupewa puri, dengu nyeusi kavu na halua ya suji. Lahore ng'ambo ya mpaka huko Pakistani, halua kwa puri na dengu ni kifungua kinywa cha asubuhi ya mapumziko na watu wanapanga foleni. Yaani kiungo ni kilekile, unga maji na mafuta, ila kila mji unakipa siku yake.

Jirani yangu Mbangladeshi alituletea puri nyeupe kabisa, laini, sio za kahawia kama unazosema. Na mgahawani kuna zingine kubwa kama sahani. Ni kitu kimoja? – Dada wa Muscat

Hapana dada, ni ndugu watatu. Nyeupe ya jirani yako inaitwa luchi, ni ya Wabengali wa Bangladesh na wa Kolkata kule India, unga wake ni mweupe uliokobolewa, wanautia samli wakati wa kukanda na wanakaanga bila kuiacha ibadilike rangi, ikiwa ya kahawia kwao imeharibika. Inaliwa na viazi vya rojo au mchuzi wa mbuzi.

Ile kubwa ni bhatura, ya Punjab na Delhi, na hii ndo inayotaka beking pauda niliyomkatalia Mama wa Wawili. Unga mweupe vikombe 2, suji vijiko vikubwa 2, robo kikombe cha mtindi au zaidi kidogo, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, robo ya kijiko cha magadi ya kuokea, sukari kijiko cha chai, chumvi, mafuta kijiko kikubwa, maji kidogo. Hii sasa kanda iwe laini, iache masaa mawili matatu, sukuma iwe ndefu kidogo na kubwa kuliko puri. Inatoka na utafuno wa kuvutika, na ladha ya ugwadu wa mtindi. Mwenzake ni dengu kubwa nyeupe za viungo, wanaita chole, na kitunguu kibichi pembeni. Ukila bhatura mbili mchana, usiku huli.

Anti, mji wa Puri kule India ndo zilikotokea? – Juma, Morogoro

Hapana kaka, majina yamegongana tu. Mji wa Puri upo jimbo la Odisha pwani ya mashariki, una hekalu kubwa la Jagannath, na hilo "puri" lake maana yake mji, kama ile "pur" ya Jaipur na Udaipur.

Na zile ndogo zinazotobolewa na kutiwa maji ya ukwaju, naweza kuzitengeneza? – Msomaji, Arusha

Hizo Mumbai wanaziita pani puri, Delhi gol gappa, Kolkata puchka. Unaweza, ila hizo unataka zikauke na zivunjike mdomoni, kwahiyo suji ndo inakuwa nyingi, unga kidogo tu wa kuishikisha, donge gumu, unasukuma nyembamba sana unakata viduara kwa kifuniko cha chupa, na unazikaanga muda mrefu zaidi mpaka zikauke. Zingine hazitavimba hata ufanyeje, hizo tafuna na chai.

Shikamoo anti. Nipo Pune huku India nasoma, naishi na wenzangu wawili, jiko letu ni la gesi ya mtungi. Nataka niwaalike wanafunzi wenzangu wa hapa nao waone Mtanzania naye anaweza, nipike puri na nini? – Mwanafunzi, Pune

Marahaba mwanangu, na upo mahali penyewe, unga wa atta na suji vipo duka lolote la kona hapo kwako.

Fanya viwili. Cha chumvi ni bhaji ya viazi. Chemsha viazi 5, menya, vunjavunja kwa mkono visiwe uji. Mafuta vijiko vitatu, tia mbegu za haradali kijiko cha chai na USUBIRI zidunde, zisipodunda zinabaki chungu, alafu tia bizari nyembamba (uzile), mvuje kiasi cha ncha ya kisu, majani ya kari pata, pilipili mbichi, kitunguu. Kikilainika tia manjano, chumvi, viazi, nusu kikombe cha maji, funika dakika tano. Malizia ndimu na kotmiri. Iwe na unyevu, puri haina mchuzi wake kwahiyo inahitaji kitu cha kubeba.

Cha tamu ni shrikhand, na hapa utawagusa moyo kwa sababu shrikhand na puri ndo chakula cha Gudi Padwa, mwaka mpya wa Wamarathi, na Pune ni mji wao. Chukua mtindi mzito kilo 1, ufunge kwenye kitambaa safi chembamba, uning'inize kwenye friji usiku kucha na bakuli chini. Asubuhi maji yote yametoka umebaki kama jibini laini. Changanya na sukari ya unga kwa kuonja, iliki ya kusaga, na zafarani kidogo uliyoiloweka kwenye maziwa ya uvuguvugu. Piga mpaka ilainike, weka kwenye baridi. Puri ya moto na hicho kitu cha baridi mkononi mwako, utanikumbuka. Na ukikuta ni mwezi wa nne mpaka wa sita, embe zimejaa huko, ponda embe tu tia iliki, Wagujarati na Wamarathi wanakula na puri hivohivo.

Sukuma zote kabla wageni hawajafika, kaanga wakishakaa. Mwenzako mmoja akae na karai wewe ubebe sahani.

Zikibaki je? Na naweza kukanda usiku nikakaanga asubuhi? – Mama Nuru, Zanzibar

Kukanda usiku sikushauri, nimeshaeleza donge linalainika, labda ulikaze zaidi ya kawaida na uliweke kwenye friji, na asubuhi uliache lipoteze ubaridi kabla ya kusukuma. Dakika 20 za kulipumzisha ni sawasawa na muda wa kuchemsha chai, mi nakanda nikiamka.

Zikibaki zitakuwa zimelala, hilo halina dawa, puri ikishapoa mvuke wake umekuwa maji tena. Usizirudishe kwenye mafuta. Za jana mimi naziweka juu ya chuma kikavu moto mdogo, nageuza mara mbili mpaka pembeni zinakakamaa, alafu nazikata robo robo na chai ya maziwa yenye tangawizi. Wagujarati wana puri za safari kabisa, wanakandia manjano, pilipili, ufuta na uzile, hizo zinakaa siku mbili kwenye kopo bila shida, na kwa wewe mwenye watoto wa shule ndo ningekwambia uanze nazo. Vipimo ni vilevile vya Mama wa Wawili, ongeza tu viungo na kijiko kimoja zaidi cha mafuta kwenye kukandia, na uziache zipoe kabisa kabla ya kufunika kopo, la sivyo zitalowa kwa jasho lao.